Umbo Lililopitishwa kwa Kura

Osmund Ndunguru alizaliwa milimani huko Mbinga, katika familia ya wakulima wa kahawa, na mpaka anafikisha miaka thelathini na sita alikuwa hajawahi kumdhuru mtu wala kumshinda mtu. Alisoma chuo cha kilimo, akapelekwa Tunduru kuwa bwana shamba, akakaa kule miaka tisa akiwaeleza wakulima mambo waliyoyajua tayari. Wakulima walimsikiliza kwa heshima, wakamkaribisha ugali, kisha wakaendelea kufanya walivyokuwa wakifanya. Alikuwa mtu mzuri, sitaki nimwonee. Kasoro yake ilikuwa moja tu: kila alipoulizwa na mkubwa wake kama jambo fulani ni sawa, shingo yake ilikubali kabla kichwa chake hakijafikiri.

Miaka ile ya soko huria kila kitu kilikuwa kimefunguliwa. Sukari ilifunguliwa, magazeti yalifunguliwa, ununuzi wa korosho ulifunguliwa, na wanunuzi wakamiminika Tunduru, kila mmoja na mzani wake. Salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, nayo ilifunguliwa, maana yake serikali iliacha kuileta na mkulima akawa huru kuikosa. Hapo ndipo wafadhili walipoingia na Mradi. Jina lake kamili lilikuwa na maneno kumi na moja na hakuna aliyewahi kulimaliza kwa pumzi moja, kwa hiyo hata sisi tutauita Mradi tu. Ulikuwa mradi wa kuokoa mikorosho, na makao yake makuu yalikuwa Mjimwema, Songea, ambako mkorosho ni kitu cha kuonyeshwa kwenye picha. Sababu ilielezwa vizuri sana kwenye waraka: Songea kulikuwa na nyumba nzuri za kupanga.

Osmund alihamishiwa hapo mwaka 2000 awe mtaalamu wa magonjwa ya mimea. Alipewa meza, kiti kinachozunguka, na ruhusa ya kuiona kompyuta.

Nasema kuiona. Kompyuta ilikuwa na chumba chake, na chumba kilikuwa na zulia, na mlangoni palibandikwa karatasi ya VUA VIATU. Hakuna aliyejua viatu vinaidhuru vipi kompyuta, lakini wote walivua, hata mfadhili mwenyewe alipokuja alivua, akasimama na soksi zake za mistari akisifu. Mashine yenyewe ilifunikwa vitambaa viwili vya kufuma kwa nyuzi nyeupe, kimoja cha kioo na kimoja cha kasha, kazi ya mikono ya Recho, katibu muhtasi aliyetoka Mbeya. Kila jioni Recho alivitandaza na kuvinyoosha pembe. Ufunguo wa chumba ulikaa mfukoni mwa Meneja wa Mradi, Bwana Romanus Haule, mtu mnene mwenye sauti ya kanisani. Katika nchi iliyofunguliwa kila kitu, kile chumba peke yake kilibaki kimefungwa.

Mwezi Mei 2002 Osmund aliitwa Dar es Salaam kwenye mafunzo ya wiki mbili, na huko maisha yake yakapata shida mpya. Mwalimu alikuwa Profesa Fausta Kapinga, mama mfupi mwenye asili ya Peramiho, aliyeongea haraka na asiyecheka ovyo. Aliwafundisha kwamba kila kiumbe, hata kuvu ya ubwiriunga inayoonekana kama unga uliomwagwa kwenye maua ya mkorosho, huendesha maisha yake kwa protini. Protini ni mnyororo mrefu wa asidi amino, zimefuatana kama shanga kwenye uzi. Lakini mnyororo haubaki umenyooka. Ukishaundwa tu hujikunja na kujisokota mpaka upate umbo lake, na umbo hilo ndilo linaloupa kazi ya kufanya. Ukilijua umbo la protini ambayo kuvu huitumia kutoboa ngozi ya jani, unaweza kutafuta dawa ya kuziba mahali penyewe, badala ya kuungojea mfuko wa salfa usiokuja.

Kuliona umbo hilo maabara kunataka mitambo mikubwa na miaka. Lakini mfuatano wa shanga ukijulikana, kompyuta inaweza kuukunja mnyororo maelfu kwa maelfu ya mara, ikikokotoa kila mkunjo una nishati kiasi gani. Mkunjo wenye nishati ya chini kabisa ndio wenye nafasi kubwa ya kukaribia ukweli.

"Nafasi kubwa," alisema Profesa. "Sikusema hakika. Kwa hiyo usiniletee umbo halafu ukakaa. Niambie umejuaje. Kwanza ipe programu protini ambayo umbo lake limeshaonekana maabara, uifiche majibu, uone itasema nini. Ikikosea hapo, itakukosea na huko."

Kisha akatoa tangazo. Alikuwa na nafasi moja ya shahada ya uzamili, miaka miwili, kila kitu kimelipiwa. Angempa yule ambaye, kufikia mwisho wa Septemba, angemletea umbo la protini aliyogawiwa pamoja na ushahidi wa kulitetea. Osmund aligawiwa ya ubwiriunga, herufi mia moja sabini na nne, kila herufi shanga moja, kwenye diski pamoja na programu. Alirudi Songea na basi, diski kaikumbatia kifuani, na njia nzima hakusinzia. Alikuwa hajawahi kukitaka kitu namna ile. Aliitaka ile nafasi kuliko alivyowahi kutaka cheo, nyumba au mke, ingawa mke alikuwa naye na alimpenda.

Alihitaji vitu viwili tu: kompyuta iwake bila kuzimwa, na barua ya ruhusa ya masomo yenye sahihi ya Bwana Romanus.

Siku ya kwanza aliiacha mashine ikifanya kazi, aliporudi asubuhi akaikuta imezimika na ina joto la kuchemshia chai. Recho alikuwa ameifunika.

"Dada Recho, ikiwa inafanya kazi isifunikwe. Inapumulia hapa nyuma."

"Inapumua?" Recho aliicheka ile mashine, kisha akawa makini. "Kaka Osmund, mimi nimeambiwa na Meneja ifunikwe saa tisa na nusu kila siku. Ikiingia vumbi nitaulizwa mimi, si wewe. Niletee maandishi."

Osmund akaandika barua ya kuomba kibali cha kutofunika kompyuta. Ilikaa wiki nne kwenye trei, ikarudishwa kwa kukosa kumbukumbu namba, ikapelekwa tena, na hatimaye, katikati ya Agosti, kibali kikatoka chenye muhuri: kompyuta iruhusiwe kukaa wazi kwa kipindi kisichozidi siku sitini, kwa masharti kwamba mwombaji atawajibika kwa vumbi lolote. Recho aliibandika nakala ukutani, akavikunja vitambaa vyake na kuviweka kabatini kwa huzuni ya kweli.

Kazi iliyotakiwa kwenda siku kumi na moja ilikwenda karibu mwezi mzima. Mji ulikuwa ukipata umeme wa majenereta ya dizeli, kwa mgao, leo mtaa huu kesho mtaa ule. Kila umeme ulipokatika hesabu zilisimama pale zilipohifadhiwa, na Osmund akaziamsha upya umeme uliporudi. Alikonda. Nyumbani mkewe Kunegunda alimuuliza kama ile protini haiwezi kukunjika yenyewe bila yeye kukosa chakula.

Tarehe kumi na sita Septemba programu ilimaliza. Ilitoa maumbo matano, kila moja na alama yake ya nishati. Umbo namba moja ndilo lililokuwa na nishati ya chini kabisa. Osmund aliyatazama kwenye kioo, tepe za rangi zikijizungusha, nyekundu na bluu na kijani, na machozi yakamlenga. Alikuwa bado na kazi moja, ile ya kuipima programu kwa protini inayojulikana. Alipiga hesabu: siku sita, umeme ukikubali. Muda ulitosha.

Bwana Romanus aliingia bila kubisha, soksi moja imetoboka kidole gumba.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo hii, mkuu. Ila bado nataka kuhakiki. Yako matano, na..."

"Matano?" Bwana Romanus alikivuta kiti. "Nani atachagua?"

"Hayachaguliwi, mkuu. Yanapimwa."

Bwana Romanus alitikisa kichwa kwa upole wa mzazi. "Osmund, Osmund. Wewe ni mtaalamu lakini Mradi huelewi. Mradi huu ni shirikishi. Imeandikwa ukurasa wa kwanza. Choo cha shule pale Namasakata, Tunduru, kilichaguliwa na wadau kikae wapi. Rangi ya gari ilichaguliwa na wadau. Leo tupate umbo zima la adui wa korosho, tulichague wewe na mimi humu ndani, mfadhili atatuelewaje? Keshokutwa kikao."

Na shingo ya Osmund, kama kawaida yake, ikakubali.

Kikao kilifanyika ndani ya chumba cha kompyuta, watu tisa juu ya zulia, viatu vyote nje. Walikuwepo Meneja, ambaye alikuwa mwenyekiti, Recho akiandika muhtasari, Goodluck, mhasibu kijana aliyetoka Moshi, wadau wanne kutoka ofisi mbalimbali, waliokuja kwa ajili ya posho na hawakuficha, Osmund, na mwakilishi wa wakulima, Bi Sharifa binti Swalehe wa Namasakata, mwanamke wa miaka sitini hivi, aliyesafiri siku nzima na nusu juu ya gari la mizigo. Wengine walificha vidole vyao chini ya viti. Yeye aliacha kandambili zake mlangoni, akakaa miguu peku, ametulia.

Osmund alieleza kwa dakika ishirini. Alieleza vizuri, na kwa muda mfupi alisahau kuogopa. Kisha mwenyekiti akafungua mjadala.

Goodluck alianza. "Mimi naona hapa umbo namba moja lina hasi mia tatu kumi na mbili. Namba nne lina hasi mia moja na nane tu. Sasa mtaalamu anatuambia lenye hasi kubwa ndilo bora? Ndugu wajumbe, hasi ni hasi. Mimi ofisini kwangu mtu akiniletea hasi mia tatu simwiti bora."

Wajumbe waliguna kwa kukubali. Osmund alieleza tena habari ya nishati, mpira ukiteremka bondeni hutulia pale chini kabisa, lakini wadau walikuwa wameshamwelewa mhasibu, maana hasi ilikuwa imewahi kumpata kila mmoja wao.

Mdau mmoja alisema namba mbili lina rangi nyingi za kijani na kijani ni kilimo. Mwingine aliuliza kama chai iko tayari. Hapo Bwana Romanus, aliyekuwa amenyamaza kwa makusudi, aliinuka akakiendea kioo na kuweka kidole kwenye umbo namba tatu.

"Hebu litazameni hili. Limepinda hapa, limenenepa hapa. Mnaona nini?"

Goodluck, ambaye hakuwa mjinga wa mambo ya ofisi, akasema, "Korosho!"

"Korosho!" wakasema wadau wote.

"Mkuu," Osmund alisema, "hii ni protini ya kuvu. Si ya korosho. Haina sababu ya kufanana na korosho."

"Adui anayeishi kwenye korosho miaka yote hii atafanana na nini? Na nazi?"

Walicheka. Kicheko kile kilimuuma Osmund, nami nakiri kinaniuma hata leo ninapokisimulia. Juu ya meza ya mwenyekiti, chini ya kalamu, ilikuwepo barua ya ruhusa ya masomo, imechapwa, haina sahihi. Bwana Romanus alikuwa amekuja nayo na kuiweka pale ionekane.

Bi Sharifa akanyoosha mkono. "Mwenyekiti, naomba niulize."

"Uliza, mama."

"Hiki kitu mmekiona kwa macho?"

"Hapana, Bibi," Osmund alijibu. "Ni kidogo mno. Tumekikokotoa."

"Na hii kompyuta huwa inakosea?"

"Hukosea, Bibi."

"Ikikosea mnajuaje?"

Bi Sharifa aliweka ushungi wake sawa.

"Mimi naulizia hivi. Tangu soko lifunguliwe kila mnunuzi anakuja na mzani wake. Mimi simbishii mtu. Ninalo jiwe langu, nimelipima misheni Mbesa, kwenye mzani wa watu wa dawa, najua uzito wake. Mnunuzi akija, kabla ya korosho naweka jiwe. Mzani ukisema kweli juu ya jiwe, Alhamdulillahi, tunapima. Ukisema uongo, namwambia nenda salama. Sasa na hii kompyuta, mngeipa kwanza kitu mnachokijua wenyewe, ndipo mtuite. Wallahi mimi siwezi kunyoosha mkono kwa jambo ambalo sijui, na sioni humu anayejua."

Osmund alilitambua lile swali. Lilikuwa la Profesa lenyewe, limetoka Namasakata juu ya gari la mizigo. Alichotakiwa kusema ni maneno matatu: Bibi anasema kweli. Siku sita zilikuwa bado zipo. Alifungua mdomo.

Bwana Romanus aliichukua ile kalamu, akaifungua kifuniko, akamtazama. "Tunamshukuru mama kwa mchango wake. Sasa tupige kura. Wanaokubali umbo namba tatu? Mtaalamu wetu, tuongoze."

Osmund akanyoosha mkono.

Wakamfuata wote, mikono saba nyuma ya wake. Bi Sharifa aliiacha mikono yake mapajani. Kisha ikaletwa chai na chapati, na Bwana Romanus akaitia sahihi ile barua pale pale mbele ya watu, wakampigia makofi mtaalamu. Osmund alikula chapati mbili bila kusikia ladha.

Umbo namba tatu lilitumwa kwa Profesa kwa barua pepe, kwenye intaneti kafe ya mjini, tarehe ishirini na saba. Pale mahali pa ushahidi, Bwana Romanus aliagiza uambatanishwe muhtasari wa kikao, kwa kuwa hakuna ushahidi mzito kuliko uamuzi wa wadau. Na Recho alikuwa mwandishi mwaminifu mno. Hakuacha kitu. Aliandika hasi ya Goodluck, aliandika nazi, aliandika jiwe la Bi Sharifa kuanzia misheni mpaka nenda salama.

Jibu lilikuja Novemba, kwa posta, kwenye karatasi yenye nembo ya chuo. Osmund aliisoma amesimama.

"Ndugu Ndunguru," iliandikwa, "umbo ulilonitumia si sahihi na nadhani unajua. Makosa ya umbo ningeyasamehe, mimi mwenyewe nimekosea maumbo mengi. Nimesoma muhtasari mara mbili. Ndani ya chumba kile watu tisa, na mmoja tu aliuliza swali nililokuuliza wewe mwezi Mei. Nimeona jina lako kati ya walionyoosha mikono. Nafasi nimempa mwenzako. Naomba umpe Bi Sharifa salamu zangu, na umwambie kwamba siku akija Dar es Salaam ningependa aje azungumze na wanafunzi wangu."

Bwana Romanus aliisoma pia, akaitolea nakala, na kwenye ripoti ya robo mwaka akaandika kwamba chuo kikuu kimevutiwa sana na ushirikishwaji wa wanawake katika Mradi. Mfadhili alifurahi. Umbo namba tatu lilichapwa kwa rangi, likatiwa fremu na kutundikwa mapokezi.

Osmund alipanda gari la Mradi lililokuwa likienda Tunduru, akafika Namasakata siku ya pili mchana, amejaa vumbi mpaka kope. Bi Sharifa alikuwa uani akianika korosho.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, bwana shamba. Karibu. Umetutupa."

Alimsomea salamu za Profesa. Bi Sharifa alizisikiliza mpaka mwisho, mikono ikiendelea kuzitandaza korosho.

"Mwambie nimezipokea na namshukuru. Ila wakati huu sina nafasi, mavuno ndiyo haya. Akitaka kunisikia, aje yeye, hapa chakula kipo." Kisha akamtazama. "Na wewe masomo unaondoka lini?"

"Siendi, Bibi. Nafasi kapewa mwingine."

"Kwa lile umbo la korosho?"

"Kwa sababu nilinyoosha mkono."

Bi Sharifa aliacha kazi. "Mimi siku ile nilikutazama. Nikasema huyu anajua kwamba haijapimwa, anataka kusema. Kumbe uliinua mkono wa kwanza kabisa. Kwa nini, mwanangu?"

Njia nzima kutoka Songea Osmund alikuwa ameandaa majibu. Alikuwa na jibu la umeme wa mgao, na jibu la muda, na jibu refu la taratibu za ofisi. Alijaribu kuyatafuta, na aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Niliogopa," alisema.

"Ahaa," alisema Bi Sharifa. "Basi hilo umelijua bila kompyuta."

Hakusema kwa ubaya. Alisogeza gunia kwa mguu na kumwonyesha mdomo wa gunia lenyewe, akamwambia alishike, na Osmund akalishika wazi kwa mikono miwili huku yeye akimimina zile korosho zilizokwisha kukauka.